Iniversite ya Graben ku Butembo: namna muji bila kompanyi kubwa ulijijengea masomo ya juu

Kila mwaka, kisha matokeo ya ekzeta kutoka, mu nyumba za watumikaji wa migodi mazungumzo ni moja tu. Mutoto amepata diploma yake ya Serikali. Sasa aende wapi? Baba anahesabu mushahara. Mama anahesabu madeni ya duka. Mutoto yeye anahesabu siku zinazobaki mbele ya kujiandikisha. Iniversite ya Serikali iko, lakini wanafunzi wamejaa mpaka ku madirisha. Na zile za watu binafsi ziko mingi, kila moja na bango lake ku barabara. Njo hapo swali linakuja: iniversite isiyo ya Serikali inasimama juu ya nini? Kesho itakuwa ingali imesimama, ao mutoto atabaki na karatasi isiyo na nguvu?

Ili kujibu, tumeona vema kuwaelezea historia ya iniversite moja ya namna ile. Si ya kwetu Katanga. Iko mbali, ku Butembo, mu Nord-Kivu, zaidi ya kilometa 1300 kaskazini ya Lubumbashi. Jina lake ni Université Catholique du Graben, lakini wenyewe wanaiita UCG tu. Tumeichagua juu ilizaliwa pahali hapakuwa kompanyi kubwa ya kuibeba ku mugongo, na tangu 1989 mpaka leo ingali inafundisha, hata kisha vita na magonjwa.

Muji uliozaliwa karibu na zahabu

Watu wa migodi watafurahi kujua kwamba Butembo pia ni mutoto wa mugodi. Mu wakati wa Wabelgiji, ile inchi ya Wanande ilikuwa chini ya kompanyi ya zahabu iliyoitwa Minière des Grands Lacs, ao MGL, iliyoanzishwa mwaka 1923. Kompanyi iliweka watu wake pale, nyumba zikafuata, soko likafuata, muji ukakomaa. Mwaka 1976 MGL na wenzake waliunganishwa katika Sominki. Na Sominki yenyewe ilikufa mu miaka ya 1990, sawa vile kompanyi mingi za inchi yetu.

Lakini wakati kompanyi ilikuwa inazimika, watu wa Butembo hawakuikaa kuingojea ifufuke. Walikuwa wamekwisha kushika biashara. Kule ni baridi, ku milima ya zaidi ya metre 1700, karibu kabisa na mustari wa ikweta. Udongo unatoa kahawa, viazi, maharagwe na mboga. Wachuruzi walipakia vyakula kwenda Kisangani na Goma, walipeleka kahawa ku Uganda, na kisha walianza kuvuka bahari, kutafuta vitu Dubai na ku inchi za Asia. Kwa miaka mingi muji mukubwa ule uliishi bila umeme wa Serikali: mwenye kutaka taa alinunua groupe yake. Ni watu waliozoea kufanya wao wenyewe kitu ambacho Serikali haikuwaletea.

Na jina la Graben? Mwenye kufanya kazi chini ya udongo ataelewa upesi. Ni neno la Wadachi ambalo wajuzi wa mawe wanatumia fasi zote. Maana yake ni bonde lenye kuzaliwa wakati kipande cha inchi kinashuka katikati ya mipasuko miwili mikubwa. Njo vile lilizaliwa bonde kubwa upande wa mashariki ya Butembo, kule kuna ziwa Édouard na muto Semliki, na juu yake mulima Ruwenzori wenye barafu, unaofika metre 5109. Iniversite ilichukua jina la inchi yake yenyewe.

Mbele ya 1989, mulango ulikuwa umefungwa

Ili kuelewa juu ya nini iniversite ile ilikuwa jambo kubwa, sherti tukumbuke ginsi masomo ya juu yalivyokuwa mu Kongo. Lovanium ya Wakatoliki ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Elisabethville, muji wa shaba, ilipata iniversite ya Serikali mwaka 1956. Mwaka 1963 Waprotestanti walifungua yao ku Stanleyville, ambayo leo tunaita Kisangani. Kwa hivyo inchi ilikuwa na iniversite tatu, na mbili kati yao zilikuwa za makanisa.

Mwaka 1971 Serikali ya Mobutu ilizikamata zote tatu na kuzifunga katika kifuko kimoja: Université Nationale du Zaïre, UNAZA. Fakilte ziligawanywa kwa muji na muji. Unganga na sheria zilipelekwa Kinshasa. Masomo ya ualimu na saikoloji yalipelekwa Kisangani. Lubumbashi ilibaki na lugha, masomo ya jamii na uenjenia. Mwaka 1981 UNAZA iligawanywa tena, kila muji ukapata iniversite yake, lakini zote zilibaki mu mukono wa Serikali.

Sasa fikiri muzazi wa Butembo, mulimaji wa kahawa. Mutoto wake anataka kuwa munganga. Kinshasa iko zaidi ya kilometa 1500, na barabara haifike: sherti ndeke. Hata Kisangani, iliyo karibu zaidi, ni mamia ya kilometa katika pori na matope. Mutoto mwenye kwenda alikuwa anakosa jamaa, anakosa chakula cha nyumbani, anakosa hata lugha ya soko. Na mara mingi, kisha kumaliza, hakurudi tena. Alipata kazi ku muji mukubwa, akaoa kule, akabaki. Muji wake ulilipa safari, lakini munganga alibaki kwa wengine.

Mwaka 1989 Serikali, iliyokuwa imechoka na bila falanga, ilifungua mulango: watu binafsi na makanisa waliweza tena kufungua iniversite. Ule mwaka Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza diosezi ya Butembo-Beni tangu 1966, alifungua UCG. Ule mwaka vilevile Wakatoliki wa Bukavu walifungua yao. Waprotestanti wa Bukavu wakafuata mu 1991. Ile ya Mbujimayi ilikuwa imezaliwa mwaka 1990, mu muji wa diama.

Mikono mingi, kila mumoja kidogo

Kanisa lilileta jina lake na watu wa kuongoza, na zaidi ya vyote lilileta uaminifu. Mu wakati ule falanga ya Zaïre ilikuwa inaoza mu mufuko: ulilala na mushahara, uliamuka na karatasi. Mutu hawezi kutoa falanga kwa kazi ya miaka makumi kama hamuamini mwenye kuishika. Wachuruzi wa Butembo, wakulima na wazazi walimuamini Askofu wao, na walichanga. Mukubwa wa duka alitoa kiasi chake, mama wa soko alitoa kiasi chake. Na kila mwaka, tangu siku ile, wazazi wanalipa falanga ya masomo, na ile njo damu ya iniversite.

Waliweka mbele masomo ambayo inchi yao ilikuwa na njaa nayo. Unganga, juu wagonjwa walikuwa wengi na wanganga wachache. Ulimaji na unganga wa nyama, juu watu wa kule wanaishi kwa shamba na ngombe. Sheria, juu magomvi ya udongo hayaishi mu inchi ambayo watu wamejaa ku milima. Uchumi, juu muji wote ni soko.

Hayo hayakuwa masomo ya kupamba bango tu. Mu miaka ya 1980 na 1990 ugonjwa wa kukausha miti ya kahawa ulienea kaskazini-mashariki ya inchi na kumaliza mashamba mingi ya robusta ku Beni. Mwaka 2001 ugonjwa wa kuozesha migomba ulionekana ku Masisi, mu Nord-Kivu hiyohiyo. Mutu wa migodi anaweza kusema: migomba si kazi yangu. Lakini kule, mugomba kukauka ni sawa kwetu mugodi kujaa maji: mushahara unakatika. Mwenye kusoma ugonjwa ule kwa karibu, akijua kuzungumza na mulimaji mu lugha yake, ana faida kubwa kupita mujuzi mwenye kufika kwa ndeke na kurudi kesho yake.

Mwanzo walimu wengi walitoka mbali. Mwalimu alifika kwa ndeke, alifundisha somo la mwaka mu majuma machache, alifanyisha ekzame, akaenda. Wanafunzi walikuwa wanasoma asubui mpaka usiku. Pole pole wale waliomaliza walianza kubaki kama wasaidizi, wamoja walitumwa kusoma zaidi ku inchi za mbali, na walirudi kufundisha. Iniversite inakomaa ile siku watoto wake wenyewe wanasimama mbele ya ubao.

Na fakilte ya unganga haiwezi kuishi na vitabu tu. Mwanafunzi sherti amuone mugonjwa, amushike, akeshe naye. Kwa hivyo UCG ilipata lupitalo yake, Cliniques universitaires du Graben. Ile lupitalo si ya wanafunzi peke yao. Mama mwenye kuzaa na mutoto mwenye malaria wanatunzwa pale sawa lupitalo ingine yote.

Vita vilipofika

Mwaka 1996 vita vilianza mu mashariki, na 1998 vikaanza tena. Tangu hapo mpaka 2003 inchi ilikatwa vipande. Butembo ilikuwa mu mikono ya wapiganaji wa RCD-ML, na askari wa Uganda walikuwa pale. Kinshasa ilikuwa sawa inchi ingine. Kijana wa Butembo hakuweza kwenda kusoma ku muji mukuu. Kama iniversite haikukuwa pale nyumbani, watoto wa miaka mitano mizima wangekosa masomo ya juu, na wengi wao wangechukua bunduki.

Mwanzishaji wake alilipa bei kubwa. Mwaka 1997 Askofu Kataliko alitumwa Bukavu kuwa askofu mukuu, mu fasi ya Monsenyere Munzihirwa, aliyeuawa mu 1996. Kwa Noeli ya 1999 Kataliko aliandika barua kwa waaminifu wake kukataa unyanganyi wa mali ya inchi na mateso ya watu. Mu Februari 2000 wakubwa wa RCD walimukataza kurudi Bukavu, wakamuzuia Butembo. Alikaa pale miezi saba, karibu na iniversite aliyoizaa. Mu Septemba walimuruhusu kurudi. Majuma machache kisha, tarehe 4 Oktoba 2000, alikufa ghafula ku Italia, karibu na Roma.

Wengi wanajua iniversite inayokufa pamoja na mwanzishaji wake. Akienda yeye, watoto wake wanagombana juu ya nyumba, walimu wanakimbia, mulango unafungwa. UCG haikukufa. Haikukuwa mali ya mutu mumoja. Ilikuwa na diosezi nyuma yake, na diosezi ilikuwa na wazazi nyuma yake.

Ebola, na siku ya tarehe 19 Aprili

Jaribu lingine lilifika tarehe 1 Agosti 2018, wakati Serikali ilitangaza Ebola mu Nord-Kivu. Mbele ya kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa ule uligusa watu 3470 na kuua 2287. Butembo na Katwa, kipande cha muji wake, zilikuwa kati ya fasi zilizoumia zaidi.

Ugonjwa ulikuwa na rafiki yake: maneno ya uongo. Watu walioona mauaji ya miaka mingi bila mutu kuwasaidia, waliona ghafula motokari nyeupe mingi na wageni wenye mishahara mikubwa. Wengi walisema: hii ni biashara. Mu Februari 2019 nyumba za kutunzia wagonjwa wa Ebola ku Katwa na Butembo zilishambuliwa na kuchomwa. Na tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia mu lupitalo ya iniversite, fasi wanganga walikuwa mu mukutano, wakamuua Dokta Richard Mouzoko, munganga wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia.

Kumuua munganga mu nyumba ya kufundisha wanganga, hilo ni jeraha ambalo haliponi upesi. Lakini kazi iliendelea. Mu ugonjwa ule watu zaidi ya 300 000 walipata chanjo. Dawa mbili zilionyesha nguvu mu majaribio yaliyofanywa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na moja yao ilitokana na kazi ya Profesere Muyembe na wenzake. Kazi ya namna hii inaomba watu wenye masomo ambao jirani anawajua kwa jina na jamaa yao. Chanjo inatoka mbali, lakini mutu anakubali sindano kutoka kwa mwenye kumuamini.

Mambo yasiyo mazuri pia tuyaseme

Tusidanganyane. Iniversite inayoishi kwa falanga ya wazazi inaacha wengine inje. Mulimaji ambaye kahawa yake imekauka, mujane, mukimbizi wa vita vya Beni ao vya Lubero, hao hawana cha kulipa. Mutoto wao mwenye akili anabaki na kulinda duka la mutu. Mwaka wa vita, wazazi wanachelewa kulipa, na mwalimu anachelewa kupata mushahara. Hilo ni deni la kila iniversite ya namna hii.

Lakini tusiseme kwamba ku Serikali ni bure. Kila muzazi wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi anajua: tangu miaka ya 1990 wazazi wanachangia falanga ya walimu hata mu iniversite za Serikali. Tofauti si kulipa na kutolipa. Tofauti ni kujua falanga inakwenda wapi.

Mutoto wako akitaka iniversite ya watu binafsi

Kisha 1989 iniversite za watu binafsi zilichipuka sawa uyoga kisha mvua. Mara kwa mara Serikali imetuma watu kuchunguza, na imefunga zile zisizofaa. Kwa hivyo, baba na mama, mbele ya kulipa hata franka moja, ulizeni mambo haya.

Karatasi ya ruhusa. Omba kuona uamuzi wa waziri wa masomo ya juu wenye kuruhusu iniversite, na uangalie kama fakilte ambayo mutoto anataka imeandikwa ndani. Iniversite inaweza kuwa na ruhusa kwa sheria na isiwe nayo kwa unganga.

Walimu. Uliza ni wangapi wanaokaa pale mwaka muzima, na ni wangapi wanaopita tu.

Vyombo. Unganga bila lupitalo, uenjenia bila mashine, ulimaji bila shamba: huo ni mchezo. Nenda uone kwa macho yako.

Miaka. Mupango mupya wa LMD ni miaka 3, kisha 2, kisha 3 kwa mwenye kutaka kuwa dokta wa masomo. Hesabu falanga ya miaka yote mbele ya kuanza, si ya mwaka wa kwanza peke yake.

Mwenye mali. Uliza: mwanzishaji akifa kesho, nani ataendelea?

Na sisi wa shaba na kobalti?

Sisi wa Katanga tulilelewa namna ingine. Union Minière, na kisha Gécamines, ilitupa masomo, lupitalo, unga na nyumba. Kompanyi ilikuwa baba na mama. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba karibu tani 476 000. Mu 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka, na miaka michache kisha kazi ilikuwa imebaki kidogo sana. Mwaka 2003 watumikaji 10 655 walitolewa mu ule mupango wa kuondoka kwa mapenzi. Masomo ya watoto yalianguka pamoja na mushahara. Wandugu wetu wa Mbujimayi waliona vilevile: mwaka 2008 MIBA ilisimamisha kutoa diama, na muji wote ulitetemeka.

Butembo iliona kompanyi yake ikifa, lakini masomo yake hayakukufa, juu hayakukuwa yamefungwa ku kamba moja. Njo fundisho tunalolipata.

Na sisi leo tuko na kitu ambacho Butembo ya 1989 haikukuwa nacho. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mu 2018 inasema: katika falanga ya redevance, asilimia 15 ni ya komine, sekta ao shefferie ambamo mugodi uko. Tena kompanyi sherti itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Ile falanga inaweza kujenga labo ya fakilte, ao kulipia masomo watoto wa wachimbaji wenye akili na bila uwezo. Inaweza pia kuyeyuka mu ofisi bila mutu kujua.

Kiasi kilichoingia na fasi kilikwenda, wenyeji wana haki ya kuuliza. Muulize burgumestre, muulize shefu wa sekta, muulize mujumbe wenu mu komite ya maendeleo. Ulizeni mukiwa wengi, na ulizeni kila mwaka. Shaba iliyo chini ina mwisho wake, na kila mwenye kuteremuka mu mugodi analijua hilo kupita wakubwa wa ofisi.